Hati ya Maji

Bango wamelisimika, Junda, pale mikokoni,
Rangi haijakauka, yachirizika mtini:
Kafi kupiga, kuvuka, ni marufuku horini,
Chini yake wameweka muhuri wa Kauntini.

Mimi ni Mwanasha Kombo, kafi ni mkono wangu,
Nimevuka na matumbo manne, mimba za wanangu;
Si safari ya urembo, nauza chaza na changu,
Leo natajwa na jimbo mwizi wa mapito yangu.

Nikapanda kwa karani, orofa ya tatu, ati,
Andazi li mkononi: "Ya maji unayo hati?"
Nikamjibu: "Jamani, yajaa bila ya cheti,
Mwezi uvutao pwani, unayo yake risiti?"

Kisha kwa upole: "Mama, wamefariki watoto,
Juzi juzi walizama, mkondo ukiwa moto."
Ulimi ukanikwama, sikupata la mkato.
Ni mimi niliyezama, nikawatoa, wazito.

Nikasema: "Barabara huua, haikufungwa,
Hupewa taa imara, na matuta yakajengwa.
Leteni maboya bora, jaketi zenye kufungwa,
Bango tupu ni ishara kwamba sisi tumetengwa."

Askari, jina Mwero, kalinda bango usiku,
Ana rungu, mnyororo, na tochi ya marufuku.
Simu ikampa kero: mimba imefika siku.
Gari ngapi? Gari ziro, na Jomvu si huku huku.

Kanigongea mlango, kofia i mkononi:
"Mama, lisahau bango, nivushe, niko shakani."
Sikumwomba kwa maringo cheti cha kupita pwani,
Kila mmoja mgongo akainama kafini.

Akaruka kwenye tope, kiatu kikabakia.
Mbu wakaniuma, kope zikawa zanishukia;
Kikaja, toka Mkupe, kilio cha kuanzia,
Nikasema: "Mola, mpe maji yake kupitia."

Keshokutwa yuko pale, bango bado limewamba,
Nami nayo ndoo ile, nikaifungua kamba.
Akageukia kule, akahesabu miamba.
Kesi ni Jumanne; mbele ya hakimu tutaamba:

Maji ni hori; na pili, chombo hori; jina moja.
Waliotaja awali hawakuiona haja
Kutenga hivi viwili, mpaka karani kaja.
Nao watoto wawili, majina nitayataja.