Msitikise Ubao

Jumamosi iliyopita, katika ukumbi wa zimamoto,
picha yangu ilibandikwa ukutani kwa pini mbili
na watu wanne wakaikodolea macho kimya,
kama wanaonusa maziwa kujua kama yamechacha.

Urve ndiye aliyeanza: ziwa lako linamwagika.
Kweli. Upeo ulikuwa umelalia kushoto,
kidogo tu, kiasi cha kikombe kuteleza mezani.
Tarmo, fundi wa meno, akaifunika anga kwa kiganja:
hapa hapana kitu, buluu tupu si habari,
kata, bakiza theluthi.
Aivo akasema usikate, ungeningoja wingu.
Wakabishania wingu ambalo halikuwapo
mpaka chai ikapoa.

Leida hakusema.
Miaka thelathini aliendesha kigarimoshi cha kubebea mboji
kwenye reli nyembamba kama ngazi iliyolazwa,
na hata leo hutazama mbele kwanza, kisha pembeni.
Mwishowe akauliza: Ulisimama wapi?
Pale kwenye maegesho, nikasema, karibu na gari.
Inaonekana, akasema.

Leo, saa nane usiku, tumemfuata kinamasini.
Mwezi wa Juni huku Estonia usiku hauzimwi,
hupunguzwa tu, kama utambi.
Njia ni mbao mbili mbili juu ya tope linalopumua.
Misonobari inanifika kiunoni; nimeiita michanga.
Leida amecheka: hiyo imenizidi umri,
ni njaa tu.

Nafundishwa huku tunatembea, kila mmoja na lake.
Itoe kamera mfukoni mapema, izoee baridi,
lenzi isije ikatoka jasho.
Piga magoti, nyasi za karibu ziwe kizingiti cha ziwa.
Usikiamini kioo cha nyuma; gizani kila picha ni nzuri.
Pima mwanga kwa kile kilicho cheupe zaidi,
kivuli utakiomba radhi nyumbani.
Tundu la lenzi lifinye hadi kumi na moja, asema Urve.
Nane inatosha, asema Aivo.
Hii ndiyo ndoa yao.

Kisha ukungu, halafu jua, ghafla,
jekundu, lisilo na haya.
Wanne tumelielekea kama kuku walioona mtama.
Leida amelipa mgongo.
Kamera yake inatazama magharibi, kwenye mitaro ya zamani
iliyonyooka kama mistari ya daftari,
maji yake meusi, na juu ya weusi ule
mwanga uleule tunaougombania
unatua taratibu, bila mtu wa kuupokea.

Sekunde nane, amesema. Msitikise ubao.

Maana mbao hizi ni mwili mmoja.
Ukihamisha uzito toka mguu huu kwenda huu,
kamera ya mwenzio, hatua ishirini kutoka hapo,
inatetemeka juu ya miguu yake mitatu
na kila mti unaota pacha.
Basi tumekuwa magogo.
Tarmo ameumeza ubishi, na chafya pia.
Aivo ameganda na kidole hewani, alikuwa akihesabu kitu.
Mbu ametua shavuni pangu, amechagua mahali,
na mimi, ambaye nyumbani hupiga meza kwa ajili ya nzi,
nimemwacha anywe.

Tano. Sita.
Sijawahi kukaa kimya hivi kwa ajili ya picha yangu mwenyewe.

Jumamosi ijayo ataibandika.
Watauliza jua liko wapi.
Urve atapima upeo kwa rula, Tarmo atafunika anga.
Hamna mtu ndani yake: mitaro, ukungu, misonobari yenye njaa,
na mbele, chini kulia, unyasi mmoja
uliosimama wembamba, ncha yake kali kama sindano.

Nitaukuna ule uvimbe shavuni.
Pale, Leida. Nilisimama pale.