Kiungo Namba 4117

Huku Alberta kinamasi hupitika kikiganda tu,
kwa hiyo bomba tunalijenga majira ya barafu,
nyuzi thelathini na nane chini ya sufuri,
kope zinanatana ukipepesa.

Mafuta yenyewe hayatiririki.
Ni lami iliyoshikamana na mchanga,
mazito kama mtu asiyetaka kuhama.
Huchanganywa na mafuta mepesi ili yakubali safari,
na yale mepesi, yakishafikisha mzigo,
hurudi kwa bomba la pili, jembamba, kuchukua mwingine.
Kowalchuk, msimamizi, hunieleza hayo akipuliza vidole.
Mimi nachomelea tu.
Delphine Desjarlais, fundi daraja la kwanza,
mzaliwa wa mto huu huu.

Leo mashine zimefyeka njia hadi kwenye mierebi.
Kwenye shina moja, waya wa shaba: kitanzi cha sungura,
fundo limepinda kushoto.

Baba alikuwa wa mkono wa shoto.

"Dakika kumi," akasema Kowalchuk.
Hakuuliza za nini.
Nikavua glavu. Waya ukaning'ata ngozi,
ukafunguka shingo upande,
nikautia mfukoni, karibu na kiberiti.

Kisha nikapasha chuma, nikashusha ngao,
nikashona mshono safi kuliko yote ya msimu.

Jioni ikarudi picha ya eksirei:
4117, hakuna ufa.

Tunalipwa kwa saa.
Zile dakika kumi
hawakuzikata.