Bei ya Bure

"Ni ya bure," alisema Asava, mweka hazina,
akigonga meza ya sacco yetu pale Mbale.
"Basi muamala mmoja unagharimu nini? Sifuri."

Nikafungua daftari.
Leseni hatukununua, kweli. Programu tuliipakua
usiku mmoja mvua ikipiga mabati.
Lakini seva inakula umeme: elfu tisa mia nne.
Umeme ukipotea, na Vihiga hupotea bila kuaga,
jenereta inakunywa elfu sita mia mbili.
Diski za nakala, tukizigawa kwa miezi, elfu mbili mia nne.
Mshahara wa Kageha, thelathini na sita elfu,
ambao Asava alitaka niuache nje
kwa kuwa "yeye si yuko tu."

Jumla, hamsini na nne elfu. Miamala, elfu thelathini.
Shilingi moja, senti themanini.

Asava kimya.
Dirishani Respa anahesabu sarafu za mayai,
ishirini zake za kila Jumanne,
nami naona, kwa aibu, moja na themanini
ikichomoka humo.

Kuna kisanduku sikukijaza:
ule usiku wa Machi, jedwali la mikopo lilipovurugika,
Kageha akirejesha salio moja moja hadi jogoo wa jirani,
mwanawe amelala juu ya gunia la mbolea.

"Hapo uandike sifuri?"
Hapana. Kiache kitupu.
Kwenye hifadhidata, tupu si sifuri.
Kitu kipo;
bei yake ndiyo hatujaijua.