Wiki ya Tatu, Msimu wa Salfa

Miwani yangu haigusi pua.
Nimeitundika kwa plasta kwenye paji la uso,
na wakulima wanaokuja kuchukua pembejeo
wanatazama plasta, hawatazami daftari.
"Karani, umeanguka na pikipiki?"
Ndiyo, nasema. Ndiyo ni fupi.
Mifuko miwili, saini hapa. Anayefuata.

Refu ni hili: msimu uliopita korosho zililipa,
nikapanda basi la alfajiri kutoka Newala
na pua ya baba yangu,
nikarudi na yangu.

"Usipenge," alisema daktari.
"Usiiname. Usilalie ubavu.
Jua lisikupige. Mtoto asikurukie.
Chafya ikija, fungua mdomo, itokee huko.
Nguo za kupitisha kichwani, ziache kabatini."
Alisema kama mtu asiyejua Julai ya kwetu,
upepo unavyopanda kutoka bonde la Ruvuma
na vumbi jekundu mgongoni,
na kila mwenye mikorosho kumi
amewasha bomba kabla ya adhana,
unga wa njano unatua juu ya mabati,
juu ya ming'oko inayochemka,
juu ya kope.

Hata hivyo naitunza.
Naitunza kama yai lililoazimwa.
Kiatu nafungiwa na Shaweji, miaka sita,
kwa malipo ya shilingi mia na fundo lisilofunguka.
Usiku nalala chali, mito mitatu,
na kila ubavu gunia la mbaazi
ambalo Bi Sikujua amelisukuma mwenyewe kwa goti
nisije nikageuka.

Siku ya kwanza hakunisalimu.
Pua niliyoipunguza ilikuwa yake
kabla haijawa ya mwanawe.
Alinizunguka kama mtu anayekagua mbuzi wa mnada,
tundu la chipini likipanda na kushuka,
mdomo wa juu ukiwa na nafasi ya ndonya
iliyotoka zamani na haikurudi.
"Mimi huu walinitoboa kwa kuku wawili.
Wewe?"
Nikamtajia.
Akakaa chini.
"Kwa fedha hizo," akasema, "wangekupa na masikio."
Nikacheka, ikauma,
na yeye ndiye aliyekimbilia kitambaa.
Majuma manne, akaniambia baadaye, alikunywa uji kwa mrija,
na shangazi zake walimkataza kucheka.
Hakusema zaidi. Akaendelea kupepeta.

Kuhusu nguo: zangu zote hupita kichwani.
Nikafungua sanduku la marehemu,
nikatoa mashati matatu ya vifungo,
moja la mistari, mawili ya kaki,
kola zimeliwa na ndevu zake.
Bi Sikujua aliniona mlangoni nimevaa la mistari
akageuza uso ukutani, kisha akanikunja mikono ya shati
mara mbili, mara tatu, hadi kiwiko.
Nililiweka usoni, polepole, bila kuligusisha.
Hakuna kitu.
Ndani bado kumevimba, kumefungwa;
kitunguu hakina harufu, sabuni haina,
baba hana.

Leo jioni jirani amepulizia shamba la mpakani.
Nilikuwa uani, nikaisikia ikija,
ikinikwaruza nyuma ya macho.
Shaweji akaacha mpira. Bibi akaacha ungo.
Nikaachama, mdomo wote, kama kiboko,
ikatoka kwa mlio ambao hata kuku waliukataa,
wakapanda kwenye banda.
"Ipo?" akauliza Bibi.
Nikapapasa hewani, kando ya pua, nisiiguse.
Ipo.
Mtoto akagaagaa kwa kicheko.

Na kwenye tundu la kushoto,
jembamba kama uzi wa kushonea,
pakapita hewa.
Ikaja na salfa.
Julai baba alinuka hivi hadi Oktoba,
mama alimfanya aoge mara mbili ndipo aguse sahani.
Nikainamisha shingo, kidogo tu,
daktari anisamehe,
kuelekea kola.
Sikuweza kujua
kama ni shati
au ni upepo.
Nikasimama hapo, mdomo umefungwa,
navutia kushoto.