Birika la Zulmira

Mgeni wa chumba namba kumi na nne
ananiuliza mbona mlango wake ni mwembamba hivi.
Namwambia: watawa hawakuwa na mizigo.
Anacheka, ananipa yuro mbili.

Yaliyobaki simwambii.
Kwamba watawa walipofukuzwa
wanajeshi waliingiza farasi kanisani,
na ile pete ya chuma aliyoipiga picha,
chini ya Mtakatifu Blasi, mponya makoo,
si pambo. Ilifungiwa farasi.

Kwamba baada ya farasi kilikuja kikohozi.
Miaka thelathini na mmoja jengo hili lilikohoa:
vitanda arubaini pale wanapolia chakula sasa,
madirisha wazi hata Januari,
na huku chini, kwenye birika la mawe,
bibi yangu Zulmira, miaka kumi na sita,
akifua mashuka kwa majivu,
akiyasuuza kwa maji ya mlimani
mpaka doa jekundu liwe la waridi,
na la waridi liwe kivuli,
na kivuli kigome.

Alijifunza kusoma shuka.
Huyu atarudi Evora kabla ya zabibu kuiva.
Huyu, viatu vyake mpeni mwingine.

Halafu ikawa shule. Mama alipika supu ya kabichi
kwa wavulana mia mbili wasioshiba.
Nyuma ya mlango wa ghala bado wapo:
Aderito. Horasio. Mmoja aliyeanza herufi ya T
akaitwa, au akakamatwa.
Halafu paa likabonyea, njiwa wakarithi,
na mbuzi wa mzee Teotonio.

Leo birika lina uvuguvugu na taa za buluu.
Watu hujilaza humo na bilauri za mvinyo.
Jumatatu moja isiyo na wageni nilimleta bibi.
Alisimama ukingoni na fimbo yake, kimya jii.
Nilidhani atalia.
Aliinama, akachota kiganja kimoja, akanusa.
"Maji haya yalinipasua vidole," alisema.
"Kumbe yanapashika moto!"
Kisha akavua kiatu. Kimoja tu.

Kila asubuhi nakunja mashuka, pembe kwa pembe,
meupe pee, yananukia sabuni ya ndimu.
Kabla sijaliweka la mwisho
nalinyanyua dirishani, dhidi ya mwanga,
na kulisoma.