Mimi Nimeandikwa Wapi

Nilikuwa na kibali.
Kina muhuri, kina namba, kina picha yangu
nimefunga tai ya kuazima.
Kampuni ya parachichi ilinituma Isongole
niwahesabie miti kabla ukungu haujashuka kutoka Rungwe,
na ukungu wa huko haungoji mtu:
saa mbili asubuhi mlima upo,
saa tatu haupo.

Basi nikairusha.
Droni ikapanda na mlio wake wa nyuki aliyefungiwa chupani,
nami nikainamia kioo nikihesabu,
mia na kumi, mia na kumi na moja,
mpaka upepo ukanyoosha mkono
ukaisukuma ng'ambo ya kijito,
juu ya migomba isiyo ya kampuni.

Ningeirudisha. Kidole kilikuwa palepale.
Lakini migomba ukiitazama kutoka juu, bwana,
ni kama nyota za kijani zilizoangukiana.
Nikaiacha izurure kidogo.
Kidogo tu.

Bafu la Atuganile lina kuta nne za mabanzi
na halina paa.
Hakuna bafu lenye paa upande ule,
nani apoteze bati kwa ajili ya kuoga?
Juu walipita kunguru, ikapita mvua,
na Mungu, ambaye alishaona yote siku ya kwanza.
Kuta zilijengwa kwa ajili yetu sisi tunaotembea.

Nilimwona akiinua kopo.
Nilimwona akiinua uso.
Sitasema zaidi ya hapo; nimeshasema zaidi.
Nilichobaki nacho si mwili wake, ni mikono,
jinsi ilivyokimbia huku na huku
kama watoto wawili nyumba inapoungua,
hawajui waokoe nini kwanza.
Kopo likaanguka.
Kwenye kioo halikutoa sauti.

Njia ambayo kwa droni ni sekunde tisa
kwangu ilikuwa nusu saa na tope la magotini,
na kila hatua nikitunga utetezi:
upepo, betri, kibali.

Nilimkuta amevaa, kitenge mpaka shingoni,
sweta juu ya kitenge.
Jembe lilikuwa karibu, hakuligusa.
Nikatoa kibali.
Akakisoma chote, taratibu, hata maandishi ya chini kabisa,
akakikunja vizuri kuliko nilivyokuwa nimekikunja mimi.
"Mimi nimeandikwa wapi?"

Kijito kikajibu. Mimi sikuweza.

"Nionyeshe ulichochukua."
Nikampa kioo, nikatazama viatu vyangu.
Alikaa kimya muda mrefu; nikadhani anajitazama.
"Kumbe ni hapa," akagusa kwa ukucha,
"hapa ndipo panapovuja."
Bati la jikoni, kona ya mashariki,
matundu mawili ya kutu yaliyomlowesha kuni misimu mitatu.
"Mume wangu kapanda mara mbili, hakuyaona."
Kisha, bila kuinua macho:
"Hilo la bati niachie. Mimi nifute.
Nifute nikiwa natazama."

Nikafuta.
"Na kule hewani mnakoficha akiba?"
Nikafuta na kule.
"Na kichwani mwako?"

Ndaga, nikasema,
neno pekee la kwao ninalolijua, mimi mtoto wa Makambako.
Hakuliitikia.

Siku hizi naanza kwa miguu.
Kabla sijachomeka betri napiga hodi nyumba kwa nyumba,
nasema nitapita saa ngapi, upande gani, kwa faida ya nani.
Wengine hunicheka. Mzee mmoja aliniuliza
kama na kunguru nao wameanza kuomba ruhusa.
Anayekataa, namzunguka.
Kazi ya asubuhi moja inakula siku mbili,
bosi ananung'unika,
na ukungu, nimesema, haungoji mtu.

Juzi nilipita Isongole, droni ikiwa ndani ya begi.
Bati la jikoni limezibwa kwa lami.
Na bafu lina paa sasa:
turubai la bluu, limekazwa kwa kamba za mgomba
pembe zote nne, hata mwanya wa kidole hakuna.

Jua lilikuwa kali, mlima wote ukionekana.
Nikasikia maji yakimwagika humo ndani.
Anaoga gizani, mchana.