Mwiko

Nyumba yetu ya Mabatini imebanwa kati ya majabali mawili
na jikoni kuna miiko miwili.
Wa kwanza mweusi, ncha imeungua;
umesonga, umekoroga, umetuchapa sote.
Wa pili ni wangu. Una uzi wa buluu shingoni
kama mtoto aliyefungwa hirizi.

Mama anakaanga maandazi tangu sijazaliwa.
Saa kumi alfajiri unga umeshaamka,
umetua juu ya kabati, juu ya redio,
kwenye kope za Kulwa anayelala mdomo wazi.
Maandazi yametusomesha.
Maandazi yalilipia kitanda Bugando
nilipofika kilo thelathini na nne,
tumbo ngoma, miguu ya korongo.

Daktari, kijana mwenye kalamu nne mfukoni, akasema:
Ngano.
Mama akadhani anaanza hadithi. Ngano ipi?
Yote, mama. Mkate, chapati, tambi, hata vumbi lake.
Mama akaitazama mikono yake,
akaiingiza ndani ya kanga.

Shangazi Nyanzobe alikuja kutoka Magu, akacheka:
ugonjwa wa kuchagua chakula ni wa wenye friji!
Alipoondoka aliniachia mizizi
ndani ya gazeti, nichemshe.

Na Kulwa, pacha wangu, dakika kumi na mbili kati yetu,
hula chapati nne akakoroma.
Mimi chembe moja tu:
siku tatu nahesabu misumari ya paa la choo.

Basi tunaishi hivi.
Sufuria yangu imechorwa D kwa msumari
na hukaa rafu ya juu kabisa, maana unga hushuka.
Chujio langu. Chumvi yangu pia,
kwa kuwa mkono uliokanda huingia koponi bila kubisha hodi.
Mahindi siyapeleki mashineni Ijumaa, siku wanayosaga ngano.
Udaga unatoka Ukerewe, kwa mtu tunayemjua.
Sato wa Mwaloni hutangulia kwenye mafuta
yangali mapya,
ndipo maandazi yaoge.

Lakini jiko ni moja na sisi ni tisa.
Pasaka, wifi Leokadia alikorogea tambi mwiko wangu,
akaufuta kwa pindo la gauni lake jipya,
akaning'inizia mahali pake, uzi ukiwa mbele.
Nimeufuta, Doto, wallahi nimeufuta.
Wifi ni Mkatoliki; aliapa kwa chochote kilichokuwa karibu.
Sikumlaumu.
Utumbo wangu hausomi nia.

Usiku ule nilimsikia mama ng'ambo ya ukuta
akimwambia baba jambo, polepole,
na baba akijibu: tutauza nini sasa, mawe?

Asubuhi jiko halikuwepo.
Nilitoka nikijishika ukuta.
Juu ya jabali la nyuma, chini ya bati moja lililoegeshwa,
mama anakaanga, mvua ya ziwani inampiga mgongo,
Kulwa amekumbatia beseni la donge
kama mtu aliyeokoa mtoto kwenye mafuriko.
Moshi ulikataa kupanda.
Mteja wa kwanza alipiga kelele kutoka chini:
leo duka limehamia mbinguni?

Alikuja mlangoni, mweupe hadi viwikoni.
Niliinua mikono.
Akarudi nyuma hatua mbili.
Usije. Ngoja nioge kwanza.

Nikasikia ndoo. Nikasikia kopo, mara nyingi,
sabuni ya mche ikisugua pasipo huruma.
Kisha akaja, ngozi imevutika, baridi kama samaki,
akanikumbatia kwa muda mrefu
kuliko siku niliyotoka hospitali.

Nyuma ya sikio lake kilibaki kipande cha donge,
kidogo kama punje ya mtama.
Nilikiona.
Sikusema.